Supu ya miso hupikwa usiku wa kuamkia

Jumapili jioni msomaji mmoja wa Arusha aliniandikia. Shemeji yake alimletea kutoka safarini pakiti ya miso, lile rojo la Kijapani la soya iliyochachushwa, naye akaichangamkia siku hiyohiyo. Akachemsha maji, akakoroga miso, akatia tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na majani ya vitunguu, akawaita watoto mezani. “Dada, nimepata maji ya chumvi yenye rangi,” akaniambia. “Mkubwa kanywa vijiko viwili akaomba chai. Nimekosea wapi?”

Nilimjibu palepale: hukuweka dashi. Halafu usingizi ukaniruka, maana jambo hilo nalijua kwa uchungu. Mimi nililikosea mbele ya mtu niliyempenda, katika siku yake nzito kuliko zote za mwaka.

Najua wengi mnaonisoma mnataka ninachokitaka mimi: sufuria isiyo na nyama wala samaki, lakini mgeni akionja aulize umeipikaje. Basi nisikilizeni kwa makini. Dashi ni yale maji yenyewe ya supu, yaliyokwisha kupewa ladha kabla hujatia kitu kingine. Kwa Mjapani dashi ni kama tui kwa mtu wa Pwani. Ukipika mchuzi wa nazi bila tui, huwezi kuulaumu muhogo. Na miso nayo, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kufanya kazi ya dashi.

Tatizo ni kwamba dashi iliyozoeleka Japani hutengenezwa kwa kombu, yaani mwani mpana mkavu, pamoja na katsuobushi, vipande vyembamba vya samaki wa jamii ya jodari aliyefukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama gogo. Kwa hiyo bakuli la supu unaloona lina tofu na majani tu, mara nyingi lina samaki ndani yake. Mimi sikulijua hilo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa masomo Yokohama, Japani. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao ya mama mzee mjane, nami nikawa namwita Bibi, kama ningemwita mzee yeyote wa nyumbani. Mume wake alifariki mwezi wa Februari, miaka mingi kabla sijafika. Kila mwaka siku hiyo, ambayo wao huiita meinichi, Bibi hakugusa nyama wala samaki. Alikula shojin, chakula cha watawa wa Kibuddha, na sehemu ya kwanza aliiweka mbele ya butsudan, kabati dogo la ibada lenye picha ya marehemu. Familia nyingi siku hizi hazishiki tena desturi hiyo. Yeye aliishika.

Nilitaka kumpa mkono wa pole kwa namna yangu. Nikanunua miso, tofu na karoti, nikapika asubuhi, nikashuka na bakuli kwa mikono miwili. Bibi alifurahi mpaka macho yakamlengalenga. Akaelekea nalo kwenye butsudan, kisha akasita. Akaniuliza dashi yake ni ya nini. Nikamwambia hakuna dashi, ni miso na mboga tu. Akaomba kuona pakiti. Akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikasimama kwenye neno moja: katsuo. Ilikuwa miso ya aina ya dashi-iri, iliyochanganywa na dashi ya samaki kiwandani.

Hakunigombeza. Aliinama, akanishukuru, akaliweka bakuli kando ya sinki. Nilipanda ngazi nikiwa nimekaukwa na mate.

Pengine ningesahau. Lakini nilimsimulia mwenzangu mmoja wa darasani, mtu niliyedhani ni rafiki, naye wiki ileile akayageuza kichekesho mbele ya watu kwenye sherehe: eti Mwafrika amemlisha marehemu samaki. Wakacheka, nami nimesimama palepale na sahani yangu. Miaka imepita. Nimesamehe mengi ya kule, hilo bado liko kooni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: soma pakiti. Ukiona dashi-iri au katsuo, irudishe rafuni. Usiseme ni samaki kidogo tu. Anayefunga, aliyeweka nadhiri, mwenye mzio, jirani yako Mhindu asiyegusa samaki, wote wanakuja mezani kwako wakiwa wamekuamini. Kumlisha mtu asichokila kwa sababu ulikuwa mvivu wa kusoma ni kumkosea, hata kama mwenyewe hatajua kamwe.

Wiki moja baadaye Bibi aliniita jikoni usiku, karibu saa nne. Nilidhani tutapika. Alitoa kipande cha kombu kikubwa kama kiganja, akakipangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Nilitaka kukisugua ule unga mweupe juu yake, akanishika mkono. Unga ule si ukungu, na sehemu ya utamu imo humo. Akakitia kwenye jagi la maji ya baridi pamoja na uyoga mkavu wa shiitake minne, akafunika, akaweka kwenye friji. Akasema “ashita”, kesho, akazima taa. Somo likaishia hapo, nami nilisikitika kidogo kwa kuwa nilikuwa nimekuja na daftari.

Ndilo somo lote, ndugu zangu. Gramu 10 za kombu na shiitake minne kwa lita moja ya maji, usiku kucha. Asubuhi maji yana rangi ya chai hafifu. Yabandike kwenye moto mdogo, na viputo vidogo vikianza kukusanyika chini ya sufuria toa kombu kabla maji hayajatokota, la sivyo yatakuwa na utelezi na uchungu kwa mbali. Uyoga uache, ukate vipande. Mnaotaka kujua sababu: mwaka 1908 mkemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza mchuzi wa kombu akapata ndani yake glutameti, na ladha yake akaipa jina umami. Uyoga mkavu una kitu kingine kinachoipandisha ladha hiyo, ndiyo maana viwili hivi vikiwa pamoja humtambui samaki kwa kukosekana kwake. Lakini watawa walikuwa wakiloweka karne nyingi kabla ya mkemia yeyote.

Mengine ni mepesi. Chemsha mboga zako kwenye dashi hiyo mpaka zilainike, tia tofu, zima moto. Kisha chukua miso, vijiko vitatu vya chakula kwa lita moja, uikoroge ndani ya upawa mpaka iyeyuke, ndipo uimimine. Onja, ongeza cha nne ukihitaji, maana miso hazilingani kwa chumvi: nyeupe ya Kyoto ni tamu, ile nyeusi ya Okazaki ni kali. Usiichemshe tena, harufu itakimbia. Wakame, ule mwani mwembamba wa kijani, ukiupata tia chembe kidogo tu. Huvimba mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Na loweka usiku. Narudia kwa sababu najua mtaruka.

Supu ninayoipenda kuliko ya miso ni kenchinjiru. Bibi alinipeleka Kamakura siku moja ya Jumamosi, tukashuka stesheni ya Kita-Kamakura, tukatembea mpaka Kencho-ji, hekalu la Kibuddha la madhehebu ya Zen lililoanzishwa mwaka 1253. Yasimuliwa kwamba jina la supu limetoka hapo. Inasemekana mtawa mwanafunzi aliangusha tofu sakafuni ikavunjika, na kiongozi wao, Rankei Doryu, aliyekuwa ametoka China, akaiokota, akaiosha, akaitia kwenye supu ili isipotee. Ndiyo maana tofu ya kenchinjiru haikatwi kwa kisu, huvunjwa kwa mkono.

Tulipofika nyumbani Bibi akaanza kumenya satoimo, na mimi nikapiga kelele: magimbi! Ni magimbi kweli, zao lilelile, madogo tu ya mviringo, na yanawasha mikono vilevile. Sikuwa nimeyashika tangu niondoke kwa mama. Tuliyakata na figili nyeupe na karoti, tukakaanga kwanza kwa mafuta ya ufuta pamoja na tofu, ndipo tukamimina dashi na uyoga wake, mwishoni soya sosi badala ya miso. Ufuta huo pengine ulitoka kwetu, maana Japani hununua ufuta wa Tanzania. Nilimwambia Bibi hivyo, akaishika chupa akaitazama upya.

Nyumbani Dar sikai bila supu hii. Kombu iliponiishia nilifanya kosa ambalo sitaki mlirudie: nilichukua mwani wa Zanzibar, ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani, nikaupika nikidhani mwani ni mwani. Ulinigeukia uji. Mwani wetu una karaginani, kitu cha kugandisha, na viwanda huununua kwa sababu hiyo. Ni mali, ila si kombu. Tafuteni kwenye maduka ya Wachina mwani mpana mkavu wanaouita haidai, ambao ni jamii ileile ya kombu, na shiitake mkavu mtaukuta hapohapo. Hata ukikosa mwani kabisa, uyoga peke yake uliolowekwa usiku kucha ni bora mara kumi kuliko maji ya bomba.

Februari iliyofuata, usiku wa kuamkia meinichi, niliweka jagi kwenye friji bila kuambiwa. Asubuhi nilimpelekea Bibi bakuli, na safari hii nikaweka kando yake pakiti ya miso, upande wa maandishi ukiwa juu. Hakuisoma. Alilipeleka bakuli moja kwa moja kwenye butsudan, akagonga kengele, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniashiria nije nikae karibu naye.

Kombu iliyotolewa msiitupe. Ikateni nyembamba, muipike kwa soya sosi na sukari kidogo mpaka mchuzi ukauke, mle na wali.

Dada wa Arusha ameniandikia tena jana usiku, na picha ya jagi. Ameuliza kama alifunike. Nimemwambia ndiyo, alifunike vizuri, maana nimeona kwenye picha kuna vitunguu vilivyokatwa pembeni yake.