Jirani kavunjiwa mchana, ninunue kufuli gani?

SWALI: Fundi habari, naishi Umoja hapa Nairobi, gorofa ya tatu. Wiki jana jirani alivunjiwa saa nne asubuhi watu wako kazini, wakabeba tivi na mtungi wa gesi na hakuna mtu alisikia kitu. Mlango wangu ni ule wa chuma wenye katundu ka kupitisha mkono, nafungia nje na kufuli niliyoikuta kwa nyumba. River Road nimeona kufuli moja kubwa jamaa anaapa haikatiki lakini bei ilinistua. Ninunue ama niweke kitasa? Landilodi hataki nitoboe mlango. – Mama Brayo

JIBU: Pole Mama Brayo, na jirani mwambie pole. Hiyo kufuli uliyoikuta itoe leo, hujui ni wapangaji wangapi walihama na funguo zao.

Sasa hiyo kubwa ya River Road. Ukubwa haumsumbui mwizi, yeye anaangalia ule upinde wa juu, ukiwa mrefu anaingiza mkasi wa kukatia chuma ama mtaimbo na kwisha, kelele yenyewe ni kama ya sufuria ikianguka, nani atatoka kuangalia? Tafuta yenye upinde mnene na mfupi, ikifungwa kidole kisipite, na iwe imeandikwa HARDENED, yaani chuma kilichokomazwa. Maandishi yanaweza kudanganya lakini tupa, ile ya kunolea panga, haidanganyi: sugua upinde kidogo, chuma kigumu tupa inateleza, laini inachubuka. Muuzaji akikataa usisugue, nenda duka lingine.

Lakini hata kabla ya kufuli, angalia masikio ya mlango, yale matundu ya chuma kufuli inapopita. Mimi nimeitwa kwa nyumba nyingi nikapata kufuli nzima kabisa, imefungwa, imening'inia kwa kipande cha chuma kilichong'oka, kumbe sikio lilishikwa na doti mbili za weldi kwa bati jembamba. Ita fundi wa kuchomelea abadilishe aweke bamba nene, achomelee kuzunguka pande zote, na kama bawaba ziko nje apige doti kwa kichwa cha pini isigongwe ikatoka. Hapo hakuna kutoboa, ila muulize landilodi kwa WhatsApp jibu libaki limeandikwa.

Na hako katundu katumie vizuri bana, ukitoka pitisha mkono ufungie kufuli upande wa ndani. Mkasi mrefu utasumbuka kuingia hapo, na mtu akipita kwa koridoo hajui kama uko ama hauko. Usiku funguo usitundike karibu na tundu, lakini watoto wajue iko wapi hata stima zikipotea, moto ukiwaka hamtaanza kuitafuta.

Kitasa kiache mpaka landilodi akubali. Siku hiyo ikifika itisha cha leva tano (leva ni vile vibamba vya ndani ufunguo unainua), cha leva tatu ni cha mlango wa bedrumu. Kama ni cha silinda, kile kipande ufunguo unapoingia, isitokeze nje zaidi ya milimita 3 hivi, ikitokeza inashikwa na koleo inavunjwa katikati.

Halafu saa nne asubuhi hiyo geti ya chini nani aliwaachia wazi? Hiyo ulizeni keateka.