Mkutubi na Zana Shirikishi za Wavuti

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimekuwa mkutubi kwa miaka mingi, na sasa natakiwa kujifunza blogu, wiki na zana nyingine ambazo wasomaji huchangia wenyewe. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, kwani ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi yako. Fungua makala yoyote ya Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2001, kisha ubofye sehemu ya historia, ambako utaona kila badiliko, tarehe yake na jina la mtumiaji aliyelifanya. Tafuta sentensi isiyo na chanzo, uithibitishe kwa kitabu kilichomo rafuni mwako, kisha uongeze rejeleo. Ujuzi huo, ambao binafsi nauthamini mno, tayari unao. Blogu utaizoea upesi.