ED na msaada wa fedha: mambo ya kukagua kabla mzazi hajatia saini

Mzazi wa Arusha ameuliza hivi: binti yake yuko kidato cha sita, na mshauri wa shule anamsukuma aombe chuo kimoja cha Marekani kwa ED (Early Decision), yaani ombi la mapema linalomfunga mwombaji kwenda akichaguliwa. Familia haiwezi kulipa hata robo ya gharama. Je, ni mtego?

Ndugu yangu, si mtego kwa kila chuo, ila kwa vyuo vingi familia yenye shida ya ada ndiyo inayoumia. Mwenye fedha akijifunga hapotezi kitu. Mwenye kuhitaji msaada anapoteza nafasi ya kulinganisha, mwezi wa nne, ofa ya chuo hiki na ya kile, na ulinganisho huo ndio silaha pekee aliyo nayo. Chuo nacho kinajua kwamba aliyejifunga hahitaji kubembelezwa kwa ruzuku nono. Harvard na Princeton waliufuta mzunguko wa mapema mwaka 2006 kwa hoja kwamba unawapendelea waliokwisha pendelewa. Wengi hawakuwafuata, na mwaka 2011 wakaurudisha, lakini bila kumfunga mwombaji. Hadi leo kuna vyuo vinavyojaza karibu nusu ya darasa zima kwa ED. Mimi naona ni dhuluma kwa watoto wa wazazi wa kawaida.

Kwa hiyo anza na chuo chenyewe. Ulizeni kwa barua pepe maswali mawili: mnaangalia uwezo wa kulipa wakati wa kumchagua mwanafunzi wa nje ya Marekani? Na mkimchagua, mnafidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia? Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown wana ED, hawaangalii uwezo wa mwanafunzi wa nje, na wanafidia pengo lote. Hapo ED ina mantiki. Chuo kinachojibu kwa kuzungukazunguka, msijifunge nacho.

Kuna mawakala wanaoshauri mtoto ajibu "hapana" kwenye swali la kuomba msaada ili achaguliwe kirahisi. Msikubali kabisa. Vyuo vingi vina kanuni kwamba mwanafunzi wa nje ambaye hakuomba msaada alipoingia hawezi kuuomba miaka inayofuata. Atachaguliwa, kisha atakwama kwenye hati ya I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi), kwa sababu ni lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza ndipo apewe.

Sasa fomu. Wengi wanaharibikiwa kwenye CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kueleza mapato na mali ya familia, na ndipo chuo kinapopiga hesabu ya "uwezo" wenu. FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, haimhusu mwanafunzi wa nje. Hiyo ni ya raia wa Marekani na wakazi halali wa aina fulani, kwa hiyo ndugu zetu wa diaspora wenye kadi ya kijani waijaze. Kwenye CSS Profile, kiwanja cha ukoo kijijini kikiandikwa kwa bei ya soko bila maelezo, kinasomeka kama mali ya kuuzwa. Ada za wadogo zake, matibabu ya bibi, fedha mnazotuma nyumbani kila mwezi: fomu haitaziona zote msipoziandika katika sehemu ya hali maalumu, kwa tarakimu. Mwenye biashara isiyo na hati za mshahara aandike barua ya mapato ya mwezi kwa mwezi, aambatishe taarifa za benki na makadirio ya TRA. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe. Malipo ya fomu ni dola 25 kwa chuo cha kwanza. Kabla ya kulipa, ulizeni kama chuo kina namba ya msamaha wa malipo hayo kwa waombaji wa nje.

Kuhusu kifungo chenyewe: makubaliano ya ED kwenye Common App (fomu ya pamoja ya kuombea vyuo vingi) yanatiwa saini na mwanafunzi, mzazi na mshauri. Yanasema wazi kwamba aliyeomba msaada akapewa kisichowezesha kwenda, anaweza kuikataa nafasi na kuachiliwa. Tatizo ni muda. Majibu hutoka katikati ya Desemba, na maombi ya kawaida mengi hufungwa kati ya tarehe 1 na 5 Januari. Insha na barua za maombi hayo ziwe tayari kabla jibu halijafika.

Msilipe amana wala kufuta maombi mengine kabla ya kuiona barua ya msaada. Ikifika, toeni ruzuku na ajira ya chuoni kwenye gharama nzima (bima, vitabu, tiketi za ndege), si kwenye ada peke yake. Mkopo usiuhesabu kama msaada. Pengo likiwa haliwezekani, andikeni wiki hiyohiyo kuomba mapitio, mkitaja kiasi mnachoweza kwa mwaka na kuambatisha ushahidi. Wakikataa, ombeni kuachiliwa kwa maandishi na mshauri apewe nakala, kwa kuwa saini yake ipo na shule inachunga jina lake kwa ajili ya wadogo wanaofuata.

Akiahirishwa hadi mzunguko wa kawaida, kifungo kimekwisha. Yuko huru kuomba kokote, hata ED ya pili ya Januari, ambayo nayo inafunga vilevile.