Ukitaka gari la fowili la kuvuta tela, anza kulikagua nyuma

Gari langu la kwanza la kuvutia tela nililikagua kuanzia mbele, kama kila mtu. Nikafungua boneti, injini inang'aa kama vyombo vya wageni. Nikaiwasha, ikaitika papo hapo. Nikalipa. Miezi mitano baadaye nilikuwa katikati ya mlima mrefu, tela la tani moja na nusu mgongoni, injini inanguruma vizuri kabisa lakini gari haliendi. Gia boksi, otomatiki, ilikuwa imeungua. Fundi alichomoa kijiti cha oili akakipitisha chini ya pua yangu bila kusema neno: oili nyeusi, inanuka moto. Kijiti hicho kilikuwepo siku ya kununua. Sikukigusa.

Siku hizi naanzia nyuma, tena chini ya gari. Muuzaji huandaa mbele na ndani. Nyuma huwa anasahau.

Majuzi nilimsindikiza shemeji yangu kuangalia gari moja safi mno. "Hili halijawahi kuvuta kitu, kaka," muuzaji akasema hata kabla hatujauliza. Nikatandika gunia nikalala chini na tochi. Kwenye chesisi, karibu na bampa la nyuma, kulikuwa na matundu manne ya bolti, mawili kila upande, na rangi nyeusi iliyopakwa juu yake bado inanata kidoleni. Nikafungua buti, nikabandua plastiki iliyo nyuma ya taa: nyaya saba zimekatwa, zikaviringishwa na tepu. Hizo ni nyaya za taa za tela, na yale matundu ni ya chuma cha kuvutia tela kilichofunguliwa.

Gari kuvuta tela si kosa. Ndiyo kazi tunayolitafutia, na lililovuta likatunzwa ni bora kuliko lililolala uani. Kosa ni kuficha, maana aliyeficha chuma cha kuvutia anaweza kuwa ameficha na mengine. Tukaondoka.

Mkiwa huko chini, tazameni chesisi palipofungwa chuma hicho. Ufa mwembamba hujionyesha kama mstari wa kutu unaotoka kwenye bolti. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito kama ya kopo lenye mchanga. Rangi mpya kwenye chesisi ya zamani inastahili swali. Halafu simama mbali kidogo ulitazame gari kwa ubavu. Likikaa kama mbwa aliyechuchumaa, springi za nyuma zimechoka.

Kuhusu uzito, usisikilize stori, soma kibati cha uzito kilichobandikwa kwenye gari. Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya kina mistari minne: wa kwanza uzito wa juu wa gari na mzigo wake, wa pili uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, miwili ya mwisho ni ya ekseli. Tuseme wa kwanza ni kilo 3,000 na wa pili kilo 5,500. Gari likijaa familia na mizigo, tela lisizidi kilo 2,500, hata kama tangazo lilitaja 3,500. Na kitabu cha gari kikitaja kikomo cha tela kilicho chini ya hapo, fuata kitabu. Tela lisilo na breki zake lina kikomo kidogo zaidi, mara nyingi kilo 750. Wengi hukutana na namba hii wakiwa wameshanunua vyote viwili.

Otomatiki au gia za mkono? Mimi bado nipo na otomatiki, ila kwa masharti. Oili yake, ambayo mara nyingi ni nyekundu, iwe ing'avu. Ikiwa ya waridi yenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji ya rejeta yameingia, na hapo usijadili bei. Ukishanunua, funga kipoozeo cha ziada cha oili ya gia boksi kabla ya redio. Za mkono angalia klachi: panda mlima kwa gia kubwa, kanyaga mafuta, injini ikipiga kelele zaidi huku mwendo haupandi, klachi inateleza.

Fowili yenyewe ijaribu kwenye udongo, si lami kavu, hasa kama ni ya kuunganisha kwa mkono. Ingiza 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, kisha simama uingize 4L, fowili ya gia nzito. Gia hiyo nzito ndiyo itakayokuokoa ukirudisha tela nyuma kwenye mteremko, na kwenye magari mengi haijaguswa miaka mingi, imeganda. Toka D kwenda rivasi ukiwa umekanyaga breki, ukisikia "ko!" chini, jointi za propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, zimelegea, au tatizo lipo kwenye difu, gia za ekseli yenyewe.

Injini uikute baridi. Boneti likiwa la moto ulipofika, omba urudi kesho. Na mshale wa joto usiuamini sana: kwenye magari mengi ya kisasa umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda kiasi. Mimi huchomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na kutazama nyuzi zenyewe tukiwa mlimani.

Jina la gari? Patrol, Land Cruiser, Discovery, Pajero, kila mtu ana dini yake. Naheshimu injini ya 1HZ ya Toyota, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, haina haraka na mtu lakini inavuta hata kwenye mizunguko ya chini kabisa. Turbo pia nzuri, kama imetunzwa. Ila ukiwa na tela refu, chagua gari refu. Fupi hutikiswa na tela kama mkia unaomtikisa mbwa.

Shemeji alinunua la tatu tuliloliona. Mlango wa kushoto una mkwaruzo kutoka mwanzo hadi mwisho, na chuma cha kuvutia bado kipo nyuma, kimechakaa hadi kichwa kinang'aa. Muuzaji alitutolea bahasha ya risiti zenye alama za vidole vya oili: gia boksi imebadilishwa oili kila kilomita 40,000. Mkwaruzo shemeji hajaupaka rangi mpaka leo.