Jirani anakuona kutoka kwenye jukwaa lake la mbao

Pole sana, ndugu. Jirani kuinua jukwaa la mbao bustanini mpaka akisimama anaona meza yako yote, hilo linaumiza kweli. Ila usikimbilie kupandisha ukuta mpakani. Kwa kuwa yeye yuko juu, kizuizi kilicho karibu na kiti chako kitamziba hata kikiwa kifupi kuliko cha mpakani. Mimi nilisimika fremu hatua mbili kutoka kwenye benchi, nikapandisha mmea wa kutambaa. Majani yalipojaa, nikaanza tena kusoma nje.

Kwanza mwombe aje akae kwenye kiti chako, atazame juu. Wengi hawajui wanaona nini. Akikataa, piga picha zenye tarehe, kisha uliza mamlaka ya ujenzi kama jukwaa linahitaji kibali.