Glaida nyepesi iliyotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

SWALI: Nimerusha glaida (ndege zinazoelea hewani bila injini) za klabu nje ya nchi kwa miaka mingi. Sasa nimerudi Mwanza na nimepata glaida ya faiba (nyuzi zilizogandishwa kwa gundi), nyepesi, iliyotumika, iko Ujerumani. Niangalie nini?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Ndugu msomaji, anza na kitabu cha matengenezo, rangi baadaye. Tafuta kila ajali, aliyeitengeneza, na kama ilipimwa uzito upya. Hili ndilo kubwa. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapojisawazisha, hivyo kilo 1 ya faiba na gundi iliyoongezwa huko hudai kilo kadhaa puani. Kitovu kikirudi nyuma kupita kiasi, ndege ikianza kuzunguka ikianguka huenda isitoke tena. Jipime na wewe, ukiwa na parashuti, ulinganishe na kikomo cha uzito wa rubani.

Kisha gonga mabawa kwa sarafu, kipande kwa kipande. Mlio ukififia, huenda tabaka zimeachana. Nyufa zinazokatiza bawa karibu na mhimili wake (boriti ya ndani inayolibeba) zitazamwe na fundi wa faiba. Shika ncha ya bawa, itikise mbele na nyuma: kulegea kwa pini zinazoshika bawa si kwa kupuuza.

Kama ina parashuti la roketi, lile linalofyatuliwa kuokoa ndege nzima, lina tarehe ya mwisho, na roketi husafirishwa kama mzigo hatari. Ulizia gharama hiyo mapema, na usajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nunua pamoja na trela iliyofungika vizuri yenye matundu ya hewa. Unyevu wa ziwa hushambulia bawaba na beringi.