Jibu: Babu alitekwa Tobruk, mbona jina lake halionekani?

Habari ndugu wa Kakamega. Unasema babu yako alitekwa Tobruk, kule Libya, katika Vita vya Pili vya Dunia akarudi nyumbani baada ya vita, lakini kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hayumo. Orodha ile ni ya waliokufa. Yeye alirudi, kwa hiyo achana nayo.

Kwanza kabisa tafuta namba yake ya jeshi. Ya babu yetu wa Siaya tuliikuta kwenye kitabu chake cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa ndani ya mkebe wa Kimbo pamoja na risiti za kodi, wino umefifia lakini namba inasomeka. Nishani haitakusaidia kwa hilo, maana nyota za Waingereza za vita vya pili hazikuchongwa majina. Hata hivyo isome: ikiwa ni nyota ya Burma peke yake, yaani ya waliopigana Burma, Asia, waulize wazee upya habari za Tobruk.

Pekua na barua. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimpa mateka haki ya kutuma kadi nyumbani ndani ya wiki moja tangu afike kambini. Tobruk ilianguka tarehe 21 Juni 1942, basi angalia za miezi iliyofuata.

Ukiipata namba, andikia Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Geneva, inayotunza kumbukumbu za mateka. Taja jina la baba yake, kijiji, na kila namna karani angeweza kuliandika jina: Wafula, Wafulla, Waffula. Na kama nyanya yu hai, mpigie leo, usingoje Krismasi.